Nywele za Nyuma ya Sikio

Kila Jumapili alasiri, ibada zikishaisha na masufuria yakishaoshwa, watoto wa kike wa laini yetu, safu moja ya nyumba za reli huko Makongeni, walianza kusogea mmoja mmoja hadi barazani kwa Mama Wekulo. Kila mmoja alikuja na kichana chake, mafuta yake kwenye kikopo, na kitu chochote ambacho mama yake aliona kinafaa kumshukuru msusi: nyanya, kipande cha sabuni, au salamu tu. Mama Wekulo alikaa kwenye kiti kifupi cha mbao, akatandika gunia mbele ya miguu yake, na mtoto akaketi hapo, mabega katikati ya magoti ya mama huyo, uso ukitazama njia ya vumbi na, mbele zaidi, mahali treni zilipopita.

Jina lake hasa lilikuwa Mourine Nakhumicha. Alizaliwa upande wa Bungoma, akaja Nairobi kumfuata mumewe, Wanyonyi, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli. Walipata mtoto mmoja tu, Wekulo, ambaye miaka ile ya tisini alikuwa tayari mtu mzima, akishona suruali Gikomba. Binti hawakujaliwa. Labda ndiyo sababu mikono yake haikuchoka na vichwa vya watoto wa wenzake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kulisema hilo. Aliwasuka tangu wakiwa chekechea hadi walipoolewa, na wengine waliwaleta mabinti zao kwake kutoka mitaa ya mbali.

Hakuwa msemaji. Alikuwa na desturi moja: kabla ya kushika kichana, aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa cha mtoto na kuvituliza hapo, kama mtu anayesikiliza ukuta. Alisema ngozi ya kichwa cha mtoto aliyegombezwa huwa imekaza, na ya mtoto mwenye njaa huwa baridi. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba baada ya muda watoto walianza kusinzia. Mafuta ya nazi yalinukia, redio ya jirani ilisoma salamu za watu wasiojuana, mabehewa yaligongana polepole kule mbali, na kichwa cha mtoto kikainama chenyewe juu ya goti lake. Wale ambao hawakusinzia walizungumza. Walizungumza na njia ile ya vumbi, si na yeye, kwa kuwa hawakuuona uso wake, na kwa hiyo walisema mambo ambayo nyumbani hayakusemwa. Mama Wekulo aliitikia "mm" tu, akaendelea na mstari.

Kavindu hakusinzia hata siku moja.

Alikuwa binti wa majirani zetu. Baba yake, Ndambuki, alikuwa gadi wa treni za mizigo, na siku nyingi alikuwa njiani kati ya Nairobi na Mombasa. Mama yake, Lydiah Mbithe, alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Mwaka huo wa 1994 Kavindu alikuwa darasa la saba. Tangu alipoanza shule, jina lake lilisomwa la kwanza mbele ya wanafunzi wote kila mwisho wa muhula, na watoto wa laini walimwita Namba Wani. Alipokuja kusukwa, waliokuwa wakingoja zamu walimtania.

"Mama Wekulo, usisahau rula!"

"Na uzi wa fundi wa nyumba!"

"Mngesoma hivyo mnavyopiga kelele mngefika mbali," Kavindu alijibu bila kugeuka, maana alikuwa ameshika kioo kidogo mkononi na hakutaka kichwa kitikisike. Alikifuata kila kidole cha Mama Wekulo kwa kioo hicho.

"Aki Mama Wekulo, huu umepinda."

"Umepinda wapi?"

"Hapa karibu na kisogo."

"Na nani ataona kisogo chako?"

"Mtu akiwa nyuma yangu."

"Darasa zima," mmoja wa wasichana alisema, na wengine wakacheka.

Kavindu hakucheka. "Fumua, tafadhali."

Mama Wekulo akafumua, akaanza tena.

Mtu asidhani Lydiah alikuwa mama mkali. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye kola zilizopigwa pasi zikasimama, na huko ofisini alisifika kwa jambo moja: barua zake hazikurudishwa. Mkubwa wake alikuwa na kalamu nyekundu. Herufi moja ikikosewa aliizungushia duara, na karatasi ikarudi mezani kwa aliyeipiga, wenzake wote wakitazama. Lydiah alikuwa amejifunza kutongoja duara hilo. Akihisi kidole kimeteleza, alichomoa karatasi yeye mwenyewe, akaweka nyingine, akaanza upya.

Jioni nyumbani alisoma kazi ya Kavindu namna hiyohiyo. Akikuta mfuto au jibu lililokatwa, aliuchana ukurasa taratibu kutoka katikati ya daftari, bila hasira, huku mkono wa pili ukimpapasa binti yake mgongoni. "Anza upya, mama," alimwambia. "Unaweza." Wakamba wengi huwaita mabinti zao mama, na yeye alilisema neno hilo kwa upendo wote aliokuwa nao.

Mwezi wa nne, muhula wa kwanza ulipofungwa, jina la kwanza lililosomwa lilikuwa la mvulana mgeni aliyeitwa Omolo. La Kavindu lilifuata. Lydiah hakumgombeza. Alisema tu, "Muhula ujao, mama," akaenda kuinjika chai.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili ya mwezi wa tano. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na kila kitu, paa, moshi, hata kuku wa jirani, kilikuwa na rangi ya majivu. Watoto wengine hawakuja. Kavindu alikuja. Mama Wekulo alikuwa akifumua misuko ya zamani nyuma ya sikio la kushoto wakati kidole chake kilipofika mahali pasipo na nywele. Palikuwa laini, upana wa kizibo cha soda. Alifikiri kwanza ni mapunye. Lakini mapunye huwa na magamba, na hapa palikuwa safi kama kiganja, pamebaki visiki vichache vya nywele, kila kimoja na urefu wake.

Kavindu alishusha kioo.

"Funika tu," alisema kwa sauti ndogo. "Mstari ukipita juu hapaonekani."

"Nani amekufanyia hivi?"

"Hakuna mtu."

Mama Wekulo aliweka viganja kichwani tena, akangoja. Maji yalidondoka kutoka ukingo wa paa. Ilipita treni, ikaisha.

"Ni mimi," Kavindu aliiambia njia. "Nikisoma. Nikikosa hesabu natoa moja. Inauma kidogo, halafu ndani kunanyamaza. Siku hizi hata nisipokosa natoa, ndiyo nisikose."

"Mama yako anajua?"

"Usimwambie. Aki ya Mungu usimwambie. Atafikiri nimeharibika."

Mama Wekulo hakusema atamwambia wala hatamwambia. Alichukua nywele za juu, akazishusha kwa mstari mwembamba uliozunguka sikio, na pale peupe pakapotea. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kichwani kwa mtoto yule. Nilikutana na Kavindu mlangoni jioni hiyo, nikamwambia amependeza. Alitabasamu, kioo kikiwa mfukoni.

Katika wiki hiyo Mama Wekulo aliota yuko kwao, katika shamba la wimbi la mama yake. Alikuwa akipalilia, na mistari ilikuwa mizuri, imenyooka hadi mlimani. Lakini kila alichong'oa hakikuwa gugu, kilikuwa wimbi. Na kila alipong'oa, alisikia sauti ya mtoto ikimwambia asante. Alitaka kuacha, ila mikono iliendelea kwa kuwa sauti ilikuwa ya adabu sana. Alipoamka alimsimulia mumewe.

"Umechoka," Wanyonyi alisema. "Makongeni yote inakaa kichwani kwako."

Kavindu aliporudi Jumapili nyingine, pale peupe palikuwa pameongezeka hadi karibu na kisogo. Mstari wa zamani haukutosha. Ili kupafunika ilibidi nywele zivutwe kutoka mbali, kutoka kipajini, na ngozi ilianza kutoa vipele.

"Vuta tu," Kavindu alisema, kioo mkononi. "Mimi navumilia."

Mama Wekulo alivuta kidogo. Akasimamisha mkono. Kisha akaweka kichana chini.

"Sisuki."

"Kwa nini? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mimi ndiye nakufunika vizuri, halafu unaenda kung'oa tena. Zikiisha hizi nitafunika na nini?"

"Nitasimama. Naapa."

"Mama yako ataona leo. Umwambie wewe, au nimwambie mimi. Lakini sitamwambia kama hupo."

Kavindu alilia bila sauti, machozi yakidondokea kioo kilichokuwa mapajani. Ilichukua muda mrefu. Wasichana waliokuwa wakingoja waliinuka wenyewe, wakaenda kucheza kamba mbele ya nyumba nyingine. Mwishowe alisema, "Sema wewe. Lakini unishike kichwa."

Mama Wekulo alimshika, kisha akaita kuelekea mlango wa pili: "Mama Kavindu! Kuja kidogo."

Lydiah alitoka akiwa bado na nguo ya kanisani, kitambaa kichwani. Alipoonyeshwa alisema, "Nani amekukata?" Halafu akasema, "Ni ugonjwa. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari."

"Daktari mwende," Mama Wekulo alisema. "Lakini anazing'oa mwenyewe. Akikosa kitu, au akiogopa atakosa."

Lydiah alichutama, akaliinua sikio kwa ncha ya kidole, akapatazama kwa karibu, jicho likienda kushoto kulia kama afanyavyo na karatasi. Kisha jicho likasimama.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungesema nianze upya," Kavindu alisema. "Na hizi haziwezi kuanza upya kesho."

Lydiah alikaa chini. Alikaa kwenye ukingo wa gunia, pale palipokuwa na tope, na nguo yake ya kanisani, na sisi tuliokuwa barazani kwetu tukajifanya tunaangalia mawingu.

"Sijawahi kumpiga," alimwambia Mama Wekulo. "Sijawahi hata kumtusi. Uliza Ndambuki akirudi."

"Najua."

"Nilitaka tu asirudishiwe."

"Asirudishiwe nini?"

Lydiah aliangalia vidole vyake.

Mama Wekulo alikuwa na umri wa kumzaa mtu kama Lydiah, na labda kwa ajili hiyo aliweza kusema alichosema baadaye. "Na wewe kichwa chako kiko vipi?"

"Nitaenda saluni Jumamosi."

"Toa kitambaa."

Lydiah akatoa. Mama Wekulo akaweka viganja. Aliniambia siku nyingi baadaye kwamba kichwa kile kilikuwa kimekaza kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. Akainuka kutoka kwenye kiti chake. "Kavindu, kaa hapa. Leo mikono yangu imeshikwa na baridi. Utamsuka mama yako."

"Mimi? Mimi sijui kusuka."

"Miaka yote unaniangalia kwa kioo."

"Nitamharibu! Na kesho anaenda kazi!"

"Ni nywele," Mama Wekulo alisema. "Kaa."

Kwa hiyo Kavindu akakaa kwenye kiti kifupi, na mama yake akaketi mbele yake kwenye gunia, mabega katikati ya magoti ya binti, uso ukitazama njia. Mstari wa kwanza ulianza vizuri kipajini, ukafika utosini, kisha ukaanza kuelekea sikioni kama mtu aliyeitwa na rafiki.

"Umepinda! Nifumue."

Mkono wa Lydiah uliinuka kutafuta kioo. Mama Wekulo alikuwa amekwisha kukitia mfukoni mwa aproni. Mkono ule ulibaki hewani, umefunguka, na Kavindu akaukodolea macho. Kisha Lydiah akaushusha, akauweka mapajani.

"Uache," alisema. "Anza mwingine."

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Jua lilitokeza chini ya mawingu, na kwa kitambo kidogo laini nzima ikawa na rangi ya shaba, na mvuke ukapanda kutoka ardhini kana kwamba nyumba zilikuwa zikipumua. Treni ndefu ya mizigo ilianza kupita, behewa baada ya behewa, polepole, na sauti yake ikawa moja na sauti ya redio na ya watoto waliokuwa wakiruka kamba. Kavindu alisuka. Alipotaka kufumua tena, aliona kichwa kikizidi kuwa kizito mikononi mwake. Kikateleza, kikalala juu ya goti lake.

"Mama Wekulo," alinong'ona. "Amelala."

"Basi usimwamshe."

"Na huu umepotea."

"Ukifumua ataamka."

Kavindu alimtazama mama yake, mdomo wazi kidogo, alama za uchovu chini ya macho. Sidhani alikuwa amewahi kumwona akilala mchana. Akaendelea. Mistari ilienda ilikotaka. Miwili ilikutana ikawa mmoja, mmoja ukagawanyika, mwingine ukaisha njiani kwa kukosa nywele. Baada ya muda Kavindu alianza kuimba chini kwa chini, wimbo usio na maneno, na hakuna aliyejua kwamba anaujua.

Wanyonyi alirudi kutoka kuwatembelea watu wa kwao, Bibilia kwapani. Akasimama, akakipima kichaka kile.

"Mama Kavindu, hiki ni kichwa au ni stesheni ya Makadara? Hapa treni zitagongana!"

Lydiah akazinduka. Akapeleka kidole kichwani, akaufuata mstari mmoja kwa ncha ya ukucha, ukamzungusha, ukamwachia nyuma ya shingo.

"Huu unaenda wapi?"

"Ulitaka kwenda kisogoni," Kavindu alisema, amejikunyata. "Ukachoka."

Lydiah akacheka. Alicheka hadi akajiegemeza tena kwenye magoti ya binti yake, na Kavindu, baada ya kumtazama kwanza kuhakikisha, akacheka pia.

Lakini Kavindu aliamini kwamba nywele zile zingefumuliwa kabla ya asubuhi. Alimwambia Mama Wekulo kwamba alilala akisikiliza kichana, kwa maana ofisi ni ofisi, na mama yake hakuwa mtu wa kutoka hivyo. Alfajiri alimwona amepiga pasi sketi yake, amevaa viatu vyake vya kazi, ameshika mkoba. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wa mlango. Lydiah alikitazama, akakiacha.

Kwenye mfereji wanawake walikuwa wakikinga maji. Waligeuka kumtazama, kisha mmoja akashindwa kujizuia.

"Mama Kavindu! Umesukwa na kuku?"

"Nimesukwa na binti yangu," Lydiah alisema. "Ukitaka na wewe, yuko Jumapili."

Akaenda zake kuelekea Barabara ya Jogoo, kisogo chake kikionekana na kila mtu. Kavindu, na mkoba wa vitabu mgongoni, alisimama kumtazama mpaka akapotea.

Jioni alimuuliza, "Walisema nini ofisini?"

"Walicheka. Halafu wakaniletea barua za kupiga."

Sitaki kuandika kwamba mambo yalinyooka siku ile. Mwezi wa saba, mitihani ilipokaribia na baridi ikakaza, mkono wa Kavindu ulirudi nyuma ya sikio mara nyingi. Lydiah akiuona hakuupiga. Aliuchukua, akauweka kichwani kwake mwenyewe, akasema, "Suka." Kuna jioni alirudi kazini akiwa mchovu, akakuta jibu lililofutwa, na vidole vyake vikaanza kuchana ukurasa kabla hajafikiri. Aliacha katikati. Ukurasa ule ulikaa daftarini hivyohivyo, nusu umechanika, na Kavindu aliandika hesabu zilizofuata kwenye upande uliobaki.

Jumapili aliendelea kuja barazani, lakini sasa mara nyingi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kando ya Mama Wekulo, akiwasuka watoto wa chekechea. Walilalamika sana.

"Kavindu, unanisuka kama nyoka."

"Nyoka ni mzuri. Tulia."

Shule zilifungwa mwezi wa nane. Sikumbuki alishika namba ngapi muhula ule, na hakuna mtu wa laini yetu aliyenijia na habari hiyo. Ninachokumbuka ni kwamba Jumapili iliyofuata aliketi kwenye gunia bila kioo. Mama Wekulo aliweka viganja, akakaa, kisha akapeleka kidole nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa na nywele. Zilikuwa fupi na laini kama za mtoto mchanga, na hazikushikika.

"Zimeota," alisema. "Lakini bado fupi. Zitatokeza nje ya mstari. Nipafunike?"

"Ziache zitokeze," Kavindu alisema.

Mama Wekulo akatia mafuta kwenye vidole, akaanza kipajini. Mabehewa yaligongana kule mbali, redio ikasoma salamu. Kabla mstari haujafika kisogoni, kichwa cha Kavindu kilikuwa kimeinama chenyewe juu ya goti.